Uvimbe wa Damu Shavuni mwa Naserian

Ukiona mtoto wako mchanga ametokwa na uvimbe chini ya sikio, mbele kidogo, pale shavu linapokutana na taya, usiite mtu kwanza. Mshike mwenyewe. Mwache alie kidogo, utazame kama uvimbe unajaa anapolia na kugeuka rangi ya ini. Kisha ubonyeze taratibu kwa kidole, uuachie. Uvimbe ukilala chini ya kidole halafu ukarudi wenyewe, laini, wenye joto, basi hiyo ni damu. Mfunike mtoto, ukakae naye, na vyuma vyote vyenye ncha vilivyomo nyumbani uvifiche.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua watu hawafiki mwisho wa maneno marefu. Anayetaka kuendelea aendelee.

Mimi ni mama yake Loishiye, mjane, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima Meru. Kusoma nimejifunza uzeeni, nikiwa na meno ya kuhesabika, katika baraza la wagonjwa la misheni, na nitasema nilifikaje hapo. Mwalimu wa misheni ndiye aliyeniomba niandike haya, yasomewe akina mama wanaongoja pale. Nimemwambia asahihishe herufi. Maneno aniachie.

Mjukuu wangu Naserian alizaliwa masika yakianza. Mama yake, Ndeshi, ni binti wa Wameru wa ng'ambo ya mlima, karibu na Tengeru, watu wa migomba, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kubatizwa. Mwanangu Loishiye alikuwa mwendesha magari ya ng'ombe ya mzungu mmoja mwenye shamba huko Usa. Njia yake ilipita kwao Ndeshi, na huko ndiko walikoonana. Ndoa yenyewe sikuipinga wala sikuishangilia. Binti alikuwa na mikono ya kazi na maneno machache, nami nikaona inatosha.

Kwetu mwanamke akishazaa hukaa ndani miezi, apewe mafuta, maziwa, na damu ya ng'ombe ili arudishe nguvu. Ndeshi damu hakuizoea. Alikuwa akiinywa amefumba macho, pumzi moja, kisha anafuta mdomo na kurudisha kibuyu. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Mtoto alipofika wiki ya tatu, nilikuwa nikimpaka mafuta, kidole kikakutana na kitu kama punje ya harage chini ya sikio la kulia. Nikadhani ni tezi tu. Mahindi yalipofika magotini, harage lile lilikuwa limekuwa yai la kware. Yalipotoa mbelewele, lilikuwa yai la kuku. Sikio likasukumwa nje kama la mbuzi anayesikiliza. Mdomo ukavutwa upande, mate yakawa yanamtiririka, na kila ngozi tuliyomlazia ililowa. Alipolala, upande wa kushoto ulikuwa mtoto mzuri kama mtoto yeyote. Alipogeuka, hata mimi niliyemzoea nilishtuka.

Watu wakaja kuona. Huyu alisema jicho baya, yule alisema jino la juu linatafuta njia, mwingine akasema ni jipu, lingojewe liive. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa mlangoni. Nilimtazama mtoto akilia, nikaona uvimbe unavyojaa. Nikabonyeza, nikaona unavyokwisha na kurudi. Nikawaambia wote, hii ni damu. Na nilikuwa sahihi. Naomba ulishike hilo, maana ndilo lililoniponza.

Mahindi yalipokaribia kukauka, shemeji yangu Saruni, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kumtoa ng'ombe damu kwa ajili ya Ndeshi. Kwa asiyejua kazi hii: ng'ombe hufungwa kamba ya ngozi shingoni, mshipa unasimama kama kidole. Mtu anasimama karibu na upinde mdogo, anapiga mshale wenye kigingi nyuma ya ncha ili usizame. Damu inaruka, inakingwa kibuyuni. Kikijaa, kamba inalegezwa, damu inakatika palepale, na ng'ombe anakwenda zake kula majani. Saruni alikuwa fundi wa kazi hiyo. Sijapata kusikia kwamba ng'ombe wa mtu alikufa mkononi mwake.

Nikasimama na kibuyu, nautazama mshipa ule uliosimama, laini, unaojaa, na akili yangu ikaruka hadi shavuni mwa mtoto. Kazi ilipokwisha nikamwambia. Saruni akaja, akamwona mtoto mlangoni, akabonyeza kwa kidole gumba kama nilivyobonyeza mimi. Akasema ni damu mbaya iliyokosa njia.

"Kikombe kimoja tu, shemeji," akasema. "Ng'ombe namtoa kibuyu kizima, na jioni anacheua."

Sasa nitasema kosa langu, na silipambi. Niliingia ndani, nikamwambia Ndeshi nampeleka mtoto juani. Sikumwambia la zaidi. Nilijua angekataa, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua, na katika nyumba yangu nilikuwa sijazoea kuulizwa mara mbili. Ndeshi akanipa mtoto, akasema nisikae naye sana kwani hajanyonya.

Nikakaa chini nyuma ya nyumba, nikashika kichwa cha mtoto katikati ya magoti yangu. Saruni hakutumia upinde. Alishika mshale kwa vidole, akausukuma kidogo tu, kama unavyotoboa ngozi ya kushonea. Damu ikatoka. Kikombe kikajaa. Mtoto analia, na kila anapolia damu inazidi. Kikombe kikafurika, ikaanza kunimwagikia miguuni.

Nikamwona Saruni ananyoosha mkono shingoni mwa mtoto, anapapasa kama mtu aliyepoteza kitu gizani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ng'ombe nikilegeza kamba, damu inakatika," akasema. "Huyu sikumfunga kamba. Nilegeze nini?"

Nilitia kidole gumba changu juu ya tundu lile nikakandamiza. Sikufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe. Damu ikasimama. Nikainua kidogo kuona, ikaruka tena. Nikakandamiza. Basi nikabaki hivyo.

Ndeshi alitoka aliposikia kilio kile. Mwanamke aliyejifungua hatoki ovyo kwetu, lakini alitoka. Aliona kikombe, akaona mshale, akaniona. Alikuja akakaa mbele yangu, goti kwa goti, akatoa ziwa akamnyonyesha mtoto palepale magotini mwangu, huku mimi nimekandamiza shavu. Tulikaa hivyo kutwa. Kivuli cha nyumba kilitoka upande wake kikaja upande wangu. Kidole changu kilikufa ganzi, nikakishika kwa mkono wa pili ili kisiteleze. Mtoto alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya. Ng'ombe walipokuwa wanarudi zizini niliinua kidole kwa mara ya mwisho. Damu ilikuwa imeganda. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu, lakini alikuwa anapumua, na anapumua vizuri.

Asubuhi Ndeshi alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka kwa miguu kurudi kwao, kabla ya siku zake za kukaa ndani kuisha. Majirani walisema ni aibu. Saruni alikaa nyuma ya zizi siku mbili, chakula nilichompelekea nilikikuta kama nilivyokiweka.

Siku nane nilivumilia. Ya tisa nikamwachia Saruni ng'ombe, nikatoka jua likichomoza. Nikapita chini ya boma la Wajerumani, nikavuka mito, nikafika kwao Ndeshi jua likiinama. Sikwenda kuomba radhi, nisidanganye. Nilikwenda kuona kama mtoto yu hai.

Alikuwa hai. Mama yake Ndeshi ndiye aliyenipokea, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kusikika mpaka bondeni. Alinitazama mikono kwanza.

"Karibu, mkwe," akasema. "Mshale umeuacha wapi?"

Halafu akakumbusha kwamba mtoto alipozaliwa nilimtemea mate ya baraka usoni, kama tunavyofanya sisi, na kwamba mate hayo ndiyo yaliyojaa shavuni. Wao walikuwa wameacha mambo hayo tangu wabatizwe. Nilimjibu kwamba nimetemea watoto wengi na wengine sasa ni wazee wenye ndevu. Akasema basi nimewapunja wao, nikayahifadhi yote kwa mjukuu wake. Watu waliokuwapo walicheka. Nilipewa kona ya kulala upande wa mbuzi.

Asubuhi yake walikuwa wakimpeleka mtoto misheni, kwa mganga wa Kijerumani. Nikafuata nyuma. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza.

Baraza lile nitalijua hata nikifa. Ni ukumbi mrefu wa udongo uliopigwa ukawa mgumu, nguzo saba, gogo moja la kukalia. Wenye vidonda vya miguu hukaa mwisho, kwa ajili ya harufu. Wenye funza hukaa uani wakitoana. Wenye watoto hukaa karibu na mlango. Nguzo ya tatu ndiyo inayokinga upepo wa mlimani, na anayewahi ndiye anayeipata. Siku ya kwanza tulingoja mpaka adhuhuri. Mkwe wangu, mama yake Ndeshi, alikuwa akimweleza kila aliyekaa jirani habari za mshale, na kila mmoja alinigeukia kunitazama. Niliangalia mbele. Ningefanya nini?

Mganga alikuwa kijana, ngozi imebabuka puani, anasema Kiswahili cha kitabuni, kila neno analiweka mahali pake kama mtu anayepanga mawe. Alimchukua mtoto vizuri. Alibonyeza, akaachia. Akasikiliza kwa sikio lake juu ya uvimbe. Kisha akaona kovu, bado bichi.

"Nani amechoma hapa?" akauliza.

Mkwe alinitazama. Ndeshi alitazama miguu yake.

"Mimi," nikasema. "Mkono ni wa shemeji yangu, lakini aliyeshika kichwa ni mimi. Na mama yake sikumwambia."

Akalipapasa kovu tena kwa kidole. Nikajua sasa nitafukuzwa.

"Na damu, nani aliizuia?"

Nilikuwa nikiinua kidole gumba changu. Ndeshi akatangulia.

"Ni huyohuyo," akasema. "Kutwa nzima."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyosema juu yangu tangu siku ile.

Mganga alituletea bakuli la maji na kitu cha njano chenye matundu, kinaitwa sifongo, kinatoka baharini. Alikitia majini kikanywa, akakibonyeza kikatoa, akakiachia kikanywa tena. Akasema chini ya sikio la kila mtu pana kifuko kinachotengeneza mate, na katika kifuko cha mtoto huyu mishipa ya damu imeota kupita kiasi, imekuwa kama sifongo. Aliposema habari ya mate, mkwe alinigeukia na macho ya mtu aliyeshinda kesi. Mganga akasema hapana, mate ya mtu hayakuleta hili, wala jicho, wala chakula cha mama. Mtoto huzaliwa nalo. Na si ugonjwa wa kuua, isipokuwa watu wakiuchokoza.

Nikamwuliza dawa. Akasema dawa ni kungoja.

Nilikasirika. Nilimwambia sikuvuka mito ile kuja kuambiwa nirudi nikakae. Mkwe, kwa mara ya kwanza, akanikubalia kwa kichwa.

"Sikusema mkae," mganga akasema. "Nimesema mmlinde. Asikatwe, asichomwe moto, asikwaruzwe. Uvimbe utakua tena, mtaogopa sana. Kisha utachoka wenyewe. Meno ya utotoni yakianza kung'oka, mtautafuta msiuone."

Alichukua uzi, akaupitisha kutoka puani hadi nyuma ya sikio juu ya uvimbe, akaufunga fundo, akautundika ukutani. Akasema turudi kila mwezi ukiandama, apime.

Nikabaki Tengeru. Nilijiambia ni mpaka mwezi uandame, kisha mwingine, na mwisho nikawa mtu wa pale. Nilikata majani ya mbuzi, nilichota maji, nilikula ndizi asubuhi na ndizi mchana mpaka nikaota nakunywa maziwa. Kungoja ni kazi, na mimi sikuwa nimewahi kuifanya. Nilikuwa mtu wa kuona jambo na kulimaliza. Hapo barazani palikuwa na ubao, na mwalimu mmoja aliyewafundisha wagonjwa herufi ili wasigombee nguzo. Nikaanza kumsikiliza kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma.

Lakini niseme pia hili, wanaonisoma walijue. Ndeshi hakuniacha na mtoto peke yangu. Hakulitamka. Alimchukua tu, kila alipotoka, hata akienda kisimani na mtungi kichwani, hata mvua ikinyesha. Nilimshika mtoto mama yake akiwapo. Niliona, nikamwacha. Ningekuwa mimi, nisingeniruhusu hata kumgusa.

Mvua za vuli zilipokuja, uvimbe ukakua kama mganga alivyosema. Uzi wa fundo la kwanza ukawa hautoshi, akaongeza. Ukafika ngumi yangu. Jicho la upande ule likawa linafumba nusu. Ngozi ya juu ikapasuka ikatoa kidonda kinachovuja, si damu nyingi, maji mekundu tu, lakini kila nikiyaona kidole gumba changu kilinyanyuka chenyewe. Mganga alitupa mafuta ya kupaka na akatufundisha kuchemsha vitambaa. Mkwe, pamoja na mdomo wake, ndiye aliyegundua kwamba mtoto akinyonyeshwa amekaa wima, shavu zima likielekea ziwani, anashiba. Kabla ya hapo alikuwa anachoka katikati na kulia njaa. Kwa hilo nilimsifu mbele za watu. Siku ya pili akaniletea kibuyu cha maziwa pale kwenye mbuzi, akakiweka chini, akaondoka bila kusema alikotoa.

Na mtoto alianza kucheka wakati huo. Kicheko kilikwenda upande mmoja tu. Mtu asiyependa kicheko kile hana moyo.

Kiangazi kikaingia. Loishiye akaja na gari la ng'ombe, ameagizwa mizigo Moshi. Alikuwa amemwona mtoto uvimbe ungali mdogo. Ndeshi alipomfunua, mwanangu alitoka nje akasimama kwa ng'ombe wake, akawa anarekebisha nira ambayo haikuwa na kasoro. Aliporudi alisema pana mganga mzungu anayesafiri na msafara, yuko Usa kwa siku chache, ana visu na dawa ya kumlaza mtu, na amesema anaweza kukiondoa kitu hicho chote kwa asubuhi moja. Alitaka amchukue mtoto siku hiyohiyo.

Mkwe akasema labda. Alikuwa amechoka. Ndeshi alikuwa amechoka kuliko wote, maana watu walikuwa wakipita njia ndefu ili wasikutane na mtoto wake. Aliniangalia mimi, sijui kwa nini.

Mtoto alikuwa magotini mwangu. Nikasema hapana.

"Mama," Loishiye akasema, na sauti yake haikuwa ya mtoto kwa mama yake, "wewe ulimkata kwa mshale wa ng'ombe. Leo unakataa kisu cha daktari?"

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyeiona damu ile inavyotoka. Wewe hukuwapo, na huyo wa msafara hakuwapo. Mwulize aliyekata."

Nikamwambia uamuzi si wangu, nilikwisha kuamua mara moja pasipo kuuliza na tumeona. Amwulize Ndeshi. Nikamnyoshea Ndeshi mtoto, ili aamue akiwa naye mikononi.

Ndeshi alimpokea, akamtazama muda mrefu. Alimfuta mate.

"Tungoje masika," akasema.

Loishiye akafunga ng'ombe wake akaondoka. Aliagana na mkwe wake, mimi hakuniaga. Nilibaki naomba, na mimi wakati huo sikuwa nimebatizwa, kwa hiyo sijui niliomba kwa nani. Niliomba mganga yule kijana asiwe mwongo. Maana kama angekuwa mwongo, ningekuwa nimemwua mtoto mara ya pili.

Masika yakaja. Mtoto alikuwa anatimiza mwaka, anasimama kwa kushika mguu wa kinu. Asubuhi moja yenye baridi na ukungu, Ndeshi alikuwa anamenya ndizi, nami nikambeba mtoto mgongoni palepale uani, mbele yake. Mtoto akalaza shavu lake la kulia shingoni mwangu kama kawaida yake. Nikasimama. Miezi yote ile shavu lile lilikuwa na joto kama jiwe lililotoka jikoni, na shingo yangu ililizoea. Asubuhi ile halikuwa na joto. Lilikuwa shavu tu.

Nilimwita Ndeshi, nikamwambia aweke mkono wake. Akaweka. Akaweka mkono wa pili kwenye shavu la kushoto kulinganisha. Kisha akaendelea kumenya ndizi, maganda akayatia chunguni.

Mganga alitazama, akatuonyesha kwamba katikati ya uvimbe rangi ya ini imeingiwa na weupe, kama majivu yanavyofunika kaa. Akashusha uzi, akapima. Fundo la mwisho sasa lilipita nyuma ya sikio kwa upana wa ukucha, maana uvimbe ulikuwa umepungua. Yule kijana aliyeweka maneno kama mawe alitoka barazani na uzi mkononi akawaonyesha wenye vidonda na wenye funza, watu ambao hawakujua hata anazungumzia nini, nao wakafurahi kwa adabu. Mkwe alilia kwa sauti ile yake. Mimi nilikaa chini ya nguzo ya tatu.

Usidhani uliondoka siku ile. Uliondoka kwa uvivu. Masika ya pili ulikuwa kama limau. Ya tatu, yai la kware. Kulikuwa na miezi uzi haukubadilika hata kidogo, na miezi ambayo mtoto akipata mafua uvimbe ulijaa tena tukarudi barazani mbio. Mganga alisema ni mafua tu, na kweli mafua yalipokwisha ulinywea. Masika ya nne ilibaki ngozi iliyolegea kidogo, kama mfuko uliokwisha kumwagwa nafaka.

Sasa Naserian ameona masika sita, jino lake la mbele linacheza, na ukitaka kujua ni shavu lipi inabidi uulize. Lipo kovu dogo la mshale, jeupe, la ukubwa wa punje ya mtama. Ananiita Koko, kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi, na anasema Kimeru, Kimaa chetu na Kiswahili, vyote kwa haraka. Ndeshi na mwanangu walirudi kwetu, kisha wakajenga Tengeru, na mimi naenda na kurudi. Loishiye alinisemesha siku ile mganga alipofunga fundo la tatu la kupungua. Alisema tu, "Mama, umekula?" Ilitosha. Saruni bado anawatoa ng'ombe damu. Naserian akimwona humkimbilia, huinamisha kichwa asalimiwe kama watoto wetu wanavyofanya, na Saruni humgusa utosini kwa ncha za vidole, upesi, kama anayegusa chungu cha moto.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke kutoka Usa, amembeba mtoto wa miezi mitatu aliyefunikwa kanga mpaka usoni. Alikuwa ameelekezwa kwa Ndeshi. Mama mkwe wake alikuwa amekwisha kumwita mtu wa wembe, na siku ilikuwa imewekwa. Nikamfunua mtoto. Ulikuwa uleule, sikio la mbuzi, rangi ya ini. Nikamwambia hayo niliyoyaandika pale mwanzo. Hakuniamini. Nikamwita Naserian, nikamwambia ainame mpaka kichwa kifike magotini, na abaki hivyo. Akabaki, anacheka, damu yote imemjia usoni, na mashavu yake yote mawili yakawa sawa. Mwanamke akayashika moja baada ya jingine. Naserian akaniuliza kutoka kule chini kama huyu naye atashika kwa muda mrefu kama yule wa wiki iliyopita, maana ana kazi zake.

Halafu nikamwambia mgeni habari za mshale. Huwa siachi sehemu hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Ndeshi kana kwamba mimi sipo.

"Na mkwe wako huyu," akasema, "baada ya hayo ulimfanyaje?"

Ndeshi alikuwa amesimama mlangoni na jembe, mtoto wake wa pili mgongoni, hata miezi mitano hajafika. Alifungua kanga, akamteremsha mtoto, akamlaza magotini mwangu.

"Amekwisha nyonya," akaniambia.

Akachukua jembe lake akashuka shambani, ng'ambo ya migomba, mahali ambapo mtu akiwa huko haoni nyumba.